Mwongozo kamili: Kuzuia na kufuatilia uandishi wa moja kwa moja kwenye diski iliyopachikwa katika Linux

Kwa miaka mingi Linux ilimwachia mtumiaji root uwezo wa kuandika moja kwa moja kwenye `/dev/sda1` huku mfumo wa faili wa ext4 ukiwa umepachikwa (mount) juu ya patisheni hiyo hiyo. Amri moja ya `dd`, inayonakili data ghafi, yenye herufi iliyokosewa ilitosha kuvuruga seva nzima, na kerneli, yaani kiini cha mfumo, isingesema lolote.

Hatari yenyewe ni kubwa kuliko kupoteza data. Ext4 huweka kumbukumbu zake za ndani, yaani bloku kuu, ramani za nafasi na majedwali ya ainodi, katika kache ya kifaa cha bloku. Ukifungua `/dev/sda1` na kuandika, unagusa kurasa zile zile za kumbukumbu ambazo ext4 ilishazikagua na kuziamini. Haizikagui tena kila inapozisoma. Kwa hiyo namba iliyokuwa sahihi sekunde moja iliyopita inageuka takataka mikononi mwa draiva, na kerneli inaweza kuanguka pale pale. Syzbot, mtambo wa Google unaorushia kerneli maombi ya ovyo kutafuta kasoro, ulikuwa ukitoa ripoti nyingi za namna hii, na waandaaji wa mifumo ya faili walichoka kufukuzana na makosa ambayo chanzo chake hakikuwa kwenye msimbo wao.

Jan Kara wa SUSE ndiye aliyeandika kinga. Iliingia katika Linux 6.8, iliyotoka tarehe 10 Machi 2024. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuiwasha, kuijaribu bila kuhatarisha data, na kufuatilia kwa macho yako jinsi kerneli inavyohesabu nani anaandika na nani amezuia. Hiyo hesabu ndiyo moyo wa kinga yote: ikikosewa kwa moja tu, kifaa kinafungika bila sababu au kinaachwa wazi bila mtu kujua.

Unachohitaji

Tumia mashine pepe, si kompyuta yako ya kazi. Iwe na kerneli ya 6.9 au mpya zaidi, `bpftrace` (chombo cha kufuatilia kerneli), `e2fsprogs` na `util-linux` za karibuni. Kinga yenyewe ipo tangu 6.8, lakini hati ya ufuatiliaji nitakayokupa inategemea kitendaji (function) `bdev_open` chenye umbo la 6.9 na kuendelea. Fanya kazi zote kama root, ndani ya bash.

Hatua ya 1: Jua kerneli yako imesimama wapi

```
uname -r
grep BLK_DEV_WRITE_MOUNTED /boot/config-$(uname -r)
cat /proc/cmdline
```

Ukiona `CONFIG_BLK_DEV_WRITE_MOUNTED=y`, uandishi kwenye vifaa vilivyopachikwa unaruhusiwa. Hiyo ndiyo chaguo-msingi, na kuna sababu: zipo programu halali zilizozoea kuandika kwa njia hiyo, na kuzizima ghafla kungevunja mashine za watu. Ukiona `is not set`, kinga imeshawashwa. Usipoona mstari wowote, kerneli yako ni ya zamani kuliko 6.8.

Huhitaji kujenga kerneli upya. Chaguo lile la ujenzi linaweka hali ya kuanzia tu, na kigezo cha wakati wa kuwasha kinaweza kuligeuza.

Hatua ya 2: Washa kinga kwa mara moja

Washa mashine upya. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, kisha mwishoni mwake ongeza:

```
bdev_allow_write_mounted=n
```

Bonyeza Ctrl na X. Badiliko hili linadumu hadi utakapowasha upya tena, na kwa majaribio hilo ndilo unalolitaka: mashine ikikataa kuwaka, izime uiwashe na mambo yarudi yalivyokuwa. Ikishawaka, hakikisha kigezo kipo kwenye `/proc/cmdline`.

Hatua ya 3: Tengeneza kifaa cha majaribio

```
truncate -s 256M /root/jaribio.img
mkfs.ext4 -q /root/jaribio.img
losetup /dev/loop0 /root/jaribio.img
mkdir -p /mnt/jaribio
```

`loop0` ni kifaa cha loop, yaani faili linaloonekana kama diski. Kama inatumika tayari, `losetup -f` itakutajia iliyo huru. Angalia kwamba sitekelezi `mount -o loop`. Kinga hii ilipokuja, ilibainika kwamba amri hiyo hukishikilia kifaa cha loop kikiwa wazi kwa kuandika huku ikiomba kukipachika, hivyo ikawa inajizuia yenyewe. Util-linux ilirekebishwa, lakini matoleo ya zamani bado yapo kwenye mashine nyingi. Kutenganisha hatua hizi mbili kunakuepusha na mkanganyiko huo, na pia kunafanya hesabu isomeke vizuri.

Hatua ya 4: Weka jicho kwenye hesabu

Hifadhi hati hii kama `fuatilia.bt`:

```
kprobe:bdev_open
{
  @b[tid] = arg0;
  @m[tid] = arg1;
}

kretprobe:bdev_open
/@b[tid]/
{
  $b = (struct block_device *)@b[tid];
  printf("%-12s kifaa=%x hali=%x jibu=%d waandikaji=%d\n",
    comm, $b->bd_dev, @m[tid], (int32)retval, $b->bd_writers);
  delete(@b[tid]);
  delete(@m[tid]);
}
```

Iendeshe kwenye terminali moja kwa `bpftrace fuatilia.bt`, na ufanye kazi kwenye nyingine. Huenda ukaona mistari ya udev, huduma inayosimamia vifaa, ikijipenyeza kuchungulia kifaa. Inasoma tu, haina madhara.

Sasa jifunze kuisoma. `kifaa` ni namba ya kifaa ndani ya kerneli, na `700000` ndiyo `loop0`. `hali` ni jumla ya alama alizokuja nazo anayefungua: 1 ni kusoma, 2 ni kuandika, 20 kwa hesabu ya besi 16 ni kuzuia waandikaji wengine. Alama hiyo ya mwisho inaitwa `BLK_OPEN_RESTRICT_WRITES`, na programu ya kawaida haina njia ya kuiomba. Kerneli huiweka yenyewe wakati wa kupachika. `jibu` likiwa 0 ameruhusiwa. Likiwa -16 ameambiwa kifaa kina shughuli.

`waandikaji` ni thamani ya `bd_writers`, na ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote. Ikiwa chanya, ni idadi ya waliofungua kwa kuandika. Ikiwa hasi, ni idadi ya waliofungua kwa kuzuia uandishi. Sifuri maana yake hakuna yeyote wa pande hizo mbili. Namba moja inatosha kubeba pande zote kwa sababu haziwezi kukaa pamoja: mwandikaji akiwepo mzuiaji anakataliwa, na mzuiaji akiwepo mwandikaji anakataliwa.

Anayesoma tu haigusi hesabu hii. Ndiyo maana amri ifuatayo ni njia salama ya kuchungulia namba wakati wowote:

```
head -c 1 /dev/loop0 > /dev/null
```

Ijaribu sasa. Utaona `hali=1 jibu=0 waandikaji=0`.

Jambo moja linalowapotosha wengi: kinga ikiwa imezimwa, vitendaji vinavyoongeza na kupunguza namba hii hurudi mara moja bila kufanya kitu. Kwa hiyo kwenye kerneli ya kawaida utaona 0 daima, hata diski ikiwa imefunguliwa kwa kuandika na programu kumi. Usidhani hati imeharibika. Rudi hatua ya 2.

Hatua ya 5: Mwandikaji kwanza, kupachika baadaye

Fungua kifaa kwa kusoma na kuandika, mara mbili, bila kuandika chochote:

```
exec 3<>/dev/loop0
exec 4<>/dev/loop0
mount /dev/loop0 /mnt/jaribio
```

Ufuatiliaji utaonyesha `hali=3` na waandikaji 1, kisha 2. Amri ya kupachika itakuja na `hali=23`, yaani kusoma, kuandika na kuzuia, na itarudishwa kwa -16 huku hesabu ikibaki 2. Ombi lililokataliwa halipaswi kuacha alama yoyote kwenye hesabu, na hapa unaliona hilo wazi.

Funga vyote viwili:

```
exec 3>&-
exec 4>&-
```

Chungulia kwa `head`. Lazima iwe 0.

Hatua ya 6: Kupachika kwanza, mwandikaji baadaye

```
mount /dev/loop0 /mnt/jaribio
exec 3<>/dev/loop0
```

Kupachika kutafaulu na waandikaji watakuwa -1. Bash itakujibu `Device or resource busy`. Napendelea jaribio hili kuliko `dd` kwa sababu linaomba ruhusa tu: hata kama kinga haikuwaka, hakuna baiti inayoharibika. Faili zilizo ndani ya `/mnt/jaribio` unaendelea kuziandika kama kawaida, maana hizo zinapita kwa ext4.

Ondoa kwa `umount /mnt/jaribio`, chungulia tena, na namba irudi 0. Irudi papo hapo. Katika maandalizi ya 6.9 hilo halikuwa la uhakika: faili la ndani linaloshikilia kifaa hufungwa kwa kuahirishwa, hadi `umount` inaporejea kwa mtumiaji, na aliyejaribu kupachika upya katikati ya hapo angeweza kukataliwa. Kitendaji `bdev_fput` kiliongezwa ili kifaa kiachiliwe mapema, kabla ya ufungaji wenyewe kukamilika.

Hatua ya 7: Kupachika kwa kusoma tu

Hapa ndipo pana somo zito, na ndipo kerneli ilipoteleza.

```
mount -o ro /dev/loop0 /mnt/jaribio
head -c 1 /dev/loop0 > /dev/null
umount /mnt/jaribio
exec 3<>/dev/loop0
exec 3>&-
```

Safari hii hali ya kupachika ni `21`: kusoma na kuzuia, bila kuandika. Hesabu inashuka hadi -1, na baada ya `umount` inarudi 0, kisha ufunguzi wa mwisho unakubaliwa.

Katika 6.7 na 6.8 kerneli ilikuwa na muundo uitwao `bdev_handle`, uliokumbuka hali aliyokuja nayo kila aliyefungua kifaa. Katika 6.9 Christian Brauner aliuondoa na kuweka mahali pake faili la kawaida la kerneli, kazi nzuri iliyorahisisha mengi. Ila faili hilo halikuwa na pa kuandika kwamba mwenyewe alikuja na alama ya kuzuia. Msimbo wa kufunga ukaanza kukisia: kama faili lilifunguliwa kwa kuandika, na kifaa sasa kimezuiwa, basi huyu anayefunga ndiye mzuiaji.

Ukipachika kwa kuandika na kusoma, kisio hilo linatoa jibu sahihi. Ukipachika kwa kusoma tu, mzuiaji hana alama ya kuandika, hivyo anapoondoka hatambuliwi, -1 yake inabaki kwenye hesabu, na kifaa kinaendelea kukataa waandikaji ilhali hakuna aliyekipachika. Suluhisho, ambalo liliingia kabla 6.9 haijatoka tarehe 12 Mei 2024, lilikuwa kulipatia faili biti yake ya kumbukumbu, `FMODE_WRITE_RESTRICTED`, inayowekwa wakati wa kufungua na kusomwa wakati wa kufunga. Wazo la kutumia `O_EXCL`, alama ya kufungua kifaa kwa umiliki wa pekee, kama ishara lilitajwa likaachwa, kwa kuwa alama yenye kazi nyingine tayari ingeweza kuzaa makosa mapya. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Alichokuja nacho mtu kiandikwe anapoingia. Hali ya kifaa wakati wa kutoka haiwezi kukuambia ni nani kati ya wengi aliyeisababisha.

Hatua ya 8: Soma msimbo wenyewe

Fungua `block/bdev.c` kwenye msimbo wa kerneli. Sehemu hii ni fupi na inasomeka na yeyote anayejua C kidogo.

```
static bool bdev_may_open(struct block_device *bdev, blk_mode_t mode)
{
	if (bdev_allow_write_mounted)
		return true;
	if (mode & BLK_OPEN_WRITE && bdev_writes_blocked(bdev))
		return false;
	if (mode & BLK_OPEN_RESTRICT_WRITES && bdev->bd_writers > 0)
		return false;
	return true;
}
```

Sharti la kwanza ni kinga kuzimwa. La pili linamkatalia mwandikaji aliyekuta kizuizi, kama ulivyoona hatua ya 6. La tatu linamkatalia mzuiaji aliyekuta waandikaji, hatua ya 5. Usichanganyikiwe na tarakimu: mzuiaji anayekuja na hali `23` ana alama ya kuandika pia, kwa hiyo sharti la pili linamhusu naye.

Baada ya hapo tafuta `bdev_claim_write_access`, inayobadilisha hesabu, na `bdev_yield_write_access`, inayoirudisha. Uangalie pia `bdev_block_writes`. Mwanzoni iliandika -1 moja kwa moja. Sasa inapunguza moja. Tofauti ni ndogo machoni, lakini fikiria mshikiliaji mmoja afungue kifaa mara mbili kwa kusoma na kuzuia, kisha afunge mara moja. Kwa mtindo wa zamani namba ingerudishwa 0 na mlango kufunguka huku ufunguzi wa pili bado unautegemea. Hakukuwa na njia ndani ya kerneli iliyofanya hivyo wakati huo, na bado ilirekebishwa, kabla haijamuumiza mtu.

Ukaguzi na mabadiliko yote ya kufungua hufanyika chini ya kufuli moja, `open_mutex` ya diski. Bila kufuli hiyo, wawili wangeweza kuona 0 kwa wakati mmoja na wote wakaruhusiwa.

Kinga hii haizuii nini

Soma sehemu hii kwa makini kabla hujaiamini kinga kwenye seva.

Hesabu ni ya kila kifaa peke yake. `/dev/sda1` ikipachikwa, `/dev/sda` ina hesabu yake nyingine yenye 0, na `dd` kwenye diski nzima bado itapita na kuharibu. Kache za vifaa hivi viwili ni tofauti, kwa hiyo kurasa ambazo ext4 inazitumia hazitaguswa, lakini kilichoko diskini kitaguswa.

Hali ni hiyo hiyo kwa tabaka za chini. Kama `/` yako iko juu ya LVM (tabaka la kugawa diski), kinachozuiwa ni kifaa cha `/dev/mapper` kilichopachikwa, si patisheni iliyo chini yake. Faili `jaribio.img` la mafunzo haya nalo linaandikika muda wote, na amri za SCSI zinazotumwa moja kwa moja kwa diski hazipiti hapa. Eneo la swap haliombi kizuizi. Na Btrfs iliachwa nje kwa makusudi katika 6.8, kwa sababu namna yake ya kutambua vifaa ilihitaji kurekebishwa kwanza. Ukiitumia, rudia hatua ya 6 juu yake kabla ya kuhesabu kwamba umelindwa.

Usichanganye pia kinga hii na `O_EXCL`. Programu yenye adabu kama `mkfs.ext4` huuliza kwanza kama kifaa kina mwenyewe, na hukataliwa tangu zamani. Kinga mpya ni kwa ajili ya zile zisizouliza.

Kuiweka kwenye seva

Kwenye Debian na Ubuntu, ongeza kigezo ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX` katika `/etc/default/grub`, kisha endesha `update-grub`. Kwenye Fedora:

```
grubby --update-kernel=ALL --args="bdev_allow_write_mounted=n"
```

Kabla ya kuwasha upya, kagua mambo mawili. La kwanza ni `fsck` (ukaguzi wa mfumo wa faili) ya `/`. Mifumo inayoikagua `/` ikiwa tayari imepachikwa kwa kusoma tu itakwama, kwa kuwa `fsck` itanyimwa ruhusa ya kuandika. Inayokagua ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa kuanzia, kabla ya kupachika, haina shida. La pili ni hati zako za matengenezo zinazoita `tune2fs` au `resize2fs` juu ya ext4 iliyopachikwa. Ziendeshe kwanza kwenye mashine pepe yenye matoleo yale yale ya programu na `fuatilia.bt` ikiwa wazi pembeni. Ukiona `jibu=-16` kwenye mstari wenye jina la mojawapo, hiyo inahitaji toleo jipya, au kazi ifanywe diski ikiwa imepachuliwa.

Hakuna faili ya `/proc` wala `/sys` ya kuizima kinga mashine ikiwa inafanya kazi. Ukikwama katikati ya matengenezo, njia ni kuwasha upya, kubonyeza `e` kwenye GRUB, na kuandika `bdev_allow_write_mounted=y`.